Msuguano ni wa Wawili

Naandika kutetea neno moja. Katika sekondari zetu fizikia hufundishwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi hukariri fomula ya "frottement" bila kuambiwa kwamba Kiswahili kina neno lake, msuguano. Kisha tunasema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Kwa neno hili naona kinyume: Kiswahili kinabeba zaidi, ila sisi wa isimu hatujalisema hilo kwa sauti.

Tulichambue. Mzizi ni -sugu-, kama katika kusugua sufuria. Kiambishi -an- kinaleta kutendana: suguana. M- na -o vinaunda nomino. Umbo lenyewe, basi, linadai pande mbili, na fizikia inadai hivyohivyo. Hakuna kizigeu cha msuguano cha mbao peke yake. Kipo cha mbao juu ya chuma, au cha mpira juu ya lami. Anayesema "ubao huu una msuguano mkubwa" bila kutaja unasuguana na nini hajamaliza sentensi. "Frottement" haimkumbushi hilo.

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba nguvu ya msuguano hulingana na uzito unaokandamiza, wala haitegemei ukubwa wa eneo linaloonekana kugusana. Laza tofali juu ya ubao, kisha lisimamishe kwa ubavu: utalivuta kwa nguvu karibu ileile. Kwa nini? Katika karne ya 20 Bowden na Tabor walionyesha kwamba nyuso tunazoziona laini zina vilima na mabonde kama mji wetu, na ni vilele tu vinavyogusana. Uzito ukiongezeka, vilele hubonyea na vingine hufikiwa. Mwaka 1966 Greenwood na Williamson waliliweka jambo hilo katika hesabu, wakivitazama vilele kwa takwimu: vingi, vya urefu tofauti. Eneo halisi la mguso hufuata uzito, si upana wa tofali.

Hata hivyo neno letu lina mtego. Kusugua hutufanya tudhani kwamba ukwaru ndio chanzo pekee. Coulomb, mwaka 1785, naye aliegemea huko: vilele vinaingiliana kama meno, na kuvuta ni kupandisha kimoja juu ya kingine. Lakini kilele kinachopandwa hushukwa pia, na nishati ya kupanda ingerudi wakati wa kushuka. Joto la viganja tunavyovisugua asubuhi lingetoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko katika kunata: vilele vilivyobanwa hushikana, na kuvuta ni kuvunja mshikano huo. Vipande viwili vya metali safi kabisa, mahali pasipo hewa, vinaweza kugandana. Mwalimu anahitaji vitenzi vyote viwili, kukwama na kunata, na Kiswahili kinavyo.

Kuna atakayesema kazi hii imekwisha kufanyika Dar es Salaam, ambako TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ni kweli, na tuanzie hapo. Lakini kamusi iliyo kwenye rafu haimfikii mtoto wa Bagira. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia. Istilahi zinangoja kujaribiwa darasani, na kazi hiyo ni yetu.

Napendekeza wahadhiri wetu waketi na wenzao wa fizikia mwaka huu, waanze na maneno ishirini tu: msuguano tuli, msuguano wa mwendo, eneo halisi la mguso, pembe ya kuteleza. Wayapeleke kwa walimu, wasikilize yapi wanafunzi wanayakubali na yapi wanayatupa. Mtoto anayeishi kwenye mteremko wa Kadutu ana haki ya kuelewa, kwa lugha ya nyumbani kwao, kinachoushikilia udongo chini ya nyumba yao, na kwa nini mvua ikinyesha mshiko huo hulegea.