Dhahabu ya Geita isomeshe mabwana shamba

Kiangazi kikiingia Shinyanga, mkulima wa pamba ana kazi isiyongoja: kung'oa masalia shambani na kuyachoma kabla ya Septemba 15, ili wadudu wakose pa kujificha hadi msimu ujao. Mizizi inakuwa imeshika udongo mkavu kwelikweli, na watu hushinda wameinama wakivuta shina moja baada ya jingine. Mwanafunzi wa kilimo akishiriki kazi hiyo, akapasua tumba bovu na kumkuta funza ndani, hana haja ya kukariri mzunguko wa maisha ya mdudu huyo kwa ajili ya mtihani.

Na kalenda inamruhusu. Kati ya Julai na Oktoba vyuo vikuu vinakuwa vimefunga, wanafunzi wako fildi. Kinachokwama ni fedha. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata fungu la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo hutegemea mfuko wa mzazi, na mzazi mwenyewe pengine bado anasubiri malipo ya pamba kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mhadhiri anayepaswa kumfuata huko kijijini naye anahitaji gari, mafuta na posho.

Fedha za elimu ya juu hazijakosekana kabisa. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa HEET, na miongoni mwa maeneo yaliyoguswa ni Kizumbi, kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi iliyoko Manispaa ya Shinyanga. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Maofisa ugani kwa maelfu wamepewa pikipiki. Hizo ni hatua kubwa, na anayezibeza hajui hali ilivyokuwa. Ila jengo hulipiwa mara moja, wakati fildi na utafiti hulipiwa kila mwaka, na hapo ndipo nchi imezoea kuwaachia wafadhili.

Mfadhili huondoka. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilinufaika na mradi wa iAGRI, ambao kwa fedha za Marekani na uongozi wa Chuo Kikuu cha Ohio State ulisomesha Watanzania zaidi ya mia moja shahada za uzamili na uzamivu. Mwaka 2025 shirika la USAID lililogharimia mradi huo lilivunjwa, na hata vyuo vya kilimo vya huko Marekani vikafunga maabara zilizokuwa zikishirikiana na Afrika. Uamuzi ulipitishwa Washington, na hakuna diwani wa Kahama aliyeulizwa.

Shinyanga inajua faida ya fedha zenye subira. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulianza mwaka 1986, ukasaidiwa na Norway hadi 2004, katika mkoa ambao miti yake ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kupisha pamba. Wataalamu hawakuja na miujiza. Walirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, wakakaa na wanavijiji miaka karibu 18. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa. Mradi wa miaka mitatu usingefika popote. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, upande wa Misungwi, zilikozaliwa mbegu za pamba za UK91 na UKM08, watafiti wanajua vilevile kwamba mbegu mpya hutaka karibu miaka kumi.

Fedha za namna hiyo zipo jirani. Sheria ya Madini inazitaka kampuni ziandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Juu yake upo ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi. Halmashauri za Geita, na Msalala ulipo mgodi wa Bulyanhulu, zinazipokea. Madiwani watasema zipo zahanati, madarasa na madawati, na wana haki kusema hivyo. Lakini kwenye mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, uzalishaji ulikoma mwaka 2021. Pamba, mpunga, mihogo na ng'ombe vitakuwepo baada ya migodi yote kufungwa, na vitahitaji watu waliovisomea.

Halmashauri za ukanda huu zitenge sehemu ndogo ya fedha hizo, iliyoandikwa kwenye bajeti na isiyohamishwa, kwa mambo mawili: kuwagharimia wanafunzi wa kilimo na ushirika wanaokuja fildi katika vijiji vyao, na mashamba ya majaribio ya Ukiriguru ndani ya wilaya zao. Madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mwaka mpya wa fedha wa Julai. SUA, Kizumbi na Ukiriguru wawafikishie maombi kabla ya vikao hivyo, yakiwa na majina ya vijiji na gharama za kila mwanafunzi.