Kila mtu anapinga vita ya jirani

Wandugu wananchi wa Ituri, vijana wenzetu wa Bunia, Djugu, Irumu, Mahagi, Aru na Mambasa,

Tuko na habari nzuri ya kuwapa. Katika Ituri yote hakuna mwanasiasa hata mmoja anayependa vita. Tafuteni, hamtampata. Wabunge wa taifa wanapinga vita. Wabunge wa jimbo wanapinga vita. Wakubwa wa mashirika ya makabila wanapinga, wenye vyama wanapinga, na hata msemaji wa kundi lenye silaha, ukimpigia simu, ataanza na neno moja: "Sisi ni watu wa amani." Kama vita ingekuwa inakufa kwa kupingwa, hii yetu tungekuwa tumeshaizika zamani na matanga yake kuisha. Sasa swali letu ni hili: vita ambayo kila mtu anaipinga, ni nani anaipigana?

Mimi nilisoma ekonomi. Diploma yangu ya lisansi iko ndani ya bahasha, safi kabisa, haijachafuliwa na kazi hata siku moja. Darasani tulifundishwa kwamba pahali mahitaji yanazidi, kazi inazaliwa. Ni kweli. Bunia kazi ya kupinga vita haijakosa bajeti tangu tuko watoto. Basi, kwa faida ya vijana wenzangu wasio na kazi, naandika hapa namna ya kuifanya. Hakuna ada ya kulipa.

Hatua ya kwanza: ungoje mauaji. Kusema mbele ya mauaji ni kuonya, na mtu anayeonya anaitwa mchochezi.

Hatua ya pili: uliza wafu ni wa nani. Hapa usikosee, kazi yote iko hapa. Kama wafu ni wa kwenu, andika "mauaji ya kimbari". Kama ni wa upande ule mwingine, andika "mapigano", ama "matukio ya kusikitisha". Kama ni wengi sana, nyamaza; utasema netwaki ilikuwa mbaya.

Hatua ya tatu: omba serikali "ichukue hatua". Usiseme hatua gani. Ukisema hatua gani, watu watakuuliza mwaka kesho kama imechukuliwa.

Hatua ya ine: semina. Hii ndiyo hatua tamu. Banderole ukutani, sikre mezani, listi ya kusaini, perdiem ndani ya bahasha, mapendekezo kumi na kitu, kisha foto ya pamoja. Wale ambao nyumba zao zilichomwa wako Kigonze chini ya bashi, ndani ya mji huu huu, lakini hawakualikwa. Wangekuja kuleta kelele, wangeanza kutaja majina.

Wanaharakati nao hawakubaki nyuma. Kuna maandamano ya amani ambayo yana tisheti mpya kuliko sauti. Wanatembea mpaka kwa guvernera, wanaweka memo, wanapiga picha. Mwezi unaofuata wanaweka memo ingine, ya kukumbusha ile memo ya kwanza. Na ukichunguza vizuri tarehe za maandamano, utaona kuna mauaji ambayo yalitoa watu barabarani, na kuna mauaji ambayo siku ile kila mtu alikuwa na malaria.

Mtasema tunacheka juu ya mambo ya kulia. Basi tufungue kalenda, tuone nani anacheza.

Mwezi wa 4 mwaka 2003, Tume ya kuleta amani Ituri ilikaa hapa hapa Bunia. Hotuba zilikuwa nzuri. Mwezi wa 5, wanajeshi wa Uganda walipoondoka, milisia zilipigana ndani ya mji, watu wakauawa kwa mamia, mpaka askari wa Ulaya wakaja na operesheni Artemis mwezi wa 6. Vita ile ya 1999 mpaka 2003 inahesabiwa kuwa iliua watu zaidi ya 50,000.

Mwezi wa 8 mwaka 2020, kundi moja la CODECO lilitia saini karatasi ya kuacha vita. Tarehe 4 mwezi wa 9, wapiganaji wa CODECO waliingia Bunia mchana na silaha zao, wakafika mpaka kwenye gereza, kisha wakarudi kwao baada ya mazungumzo.

Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, utawala wa kijeshi ulianza, ile tunaita état de siège. Katiba inasema siku 30, kisha inaongezwa siku 15 kwa 15. Siku 15 zetu ni ndefu sana, zimekula miaka. Ndani ya utawala huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2022, CODECO waliua watu zaidi ya 60 katika kambi ya wakimbizi wa Savo, wengi wao wanawake na watoto.

Mwezi wa 6 mwaka 2023, makundi yenye silaha yalitia saini Aru. Mikono ilishikana, kamera zilikuwepo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 mwezi ule ule, watu zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala. Kati ya saini na makaburi hazikupita hata wiki mbili. Na tarehe 10 mwezi wa 2 mwaka 2025, Djaiba, tena zaidi ya 50.

Hapo kuna wasomaji wameshaanza kufurahi: "Mnaona? Ni wale tu." Ngojeni kwanza, furaha hiyo ndiyo ugonjwa tunaouzungumza. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika vilevile wanakijiji wa Kilendu waliouawa na kundi la Zaïre, kundi ambalo watu wengi wenye tai nzuri wanaliita "vijana wanaojilinda". Mtoto aliyekufa Djugu hakuuliza risasi imetoka kwa mshambulizi ama kwa mwenye kujilinda.

Na serikali yenyewe ilituonyesha ufundi wake. Thomas Lubanga alihukumiwa The Hague mwaka 2012, hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ile, juu ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake. Alipata miaka 14, akatoka mwaka 2020. Mwaka 2022 Kinshasa ikamtuma Djugu kama mjumbe wa amani, aende kuwashawishi CODECO. CODECO wakamkamata, wakamweka karibu miezi miwili. Mwaka 2025, akiwa Uganda, akatangaza kundi lake jipya, CRP. Nchi ambayo inatafuta walimu wa amani kwa namna hii isishangae na wanafunzi inaowapata.

Sasa tuseme bila mchezo.

Shida yetu Ituri si kukosa watu wa kupinga vita. Shida ni kwamba kila mmoja anapinga vita ya jirani, na ile ya kwao anaipa jina lingine. Mheshimiwa akiwa Kinshasa, kwa Kifaransa safi, analaani "makundi yote yenye silaha bila ubaguzi". Akirudi kijijini, kwa lugha ya mama yake, anasema "vijana wetu". Kifaransa kile ni cha wafadhili. Vijana wenye bunduki wanasikiliza lugha ya mama, na ndani ya lugha ya mama hakuna mtu aliyewaambia wao ni wauaji.

Kuna mtu atajibu: "Lakini serikali haiko. Jeshi linafika baada ya moshi. Watu wafanye nini, wakae wangoje panga?" Hilo neno ni zito, hatulifanyii kicheko. Savo ilikuwa karibu na kituo cha MONUSCO cha Bule, na watu walikufa. Hofu ya wananchi ni ya kweli. Lakini mwenye kujilinda halindi shimo la dhahabu. Mwenye kujilinda hasimamishi motari barabarani na kumwomba franka ndipo apite. Ripoti zimesema mara nyingi kwamba makundi ya pande zote mbili yanakula dhahabu ya Djugu, kuanzia Mongbwalu. Siku kizuizi cha kwanza kiliwekwa njiani, kujilinda kuliisha, biashara ikaanza. Na biashara iko na wanunuzi. Mbona wapinga vita wetu hawawataji hao?

Mwingine atasema: "Mwanasiasa akiwalaani watu wa kwao ataitwa msaliti, anaweza kuuawa." Ni kweli pia. Ndiyo maana hatumwombi mama wa Kigonze afanye hivyo, yeye hana hata mlango wa kufunga. Tunamwomba yule ambaye ana walinzi, ana gari ya vioo vyeusi, ana mshahara wa kodi yetu na nyumba Kinshasa. Kama yeye anaogopa, basi aache kujiita mtu wa amani, ajiite mtu anayeogopa kama sisi wote. Tutamheshimu zaidi.

Kijana wa rika langu kule Djugu alipewa bunduki, mimi nilipewa diploma. Wote wawili hatuna mshahara, na wote wawili tunatumiwa: yeye wakati wa kupigana, mimi wakati wa kujaza viti vya semina. Siku tutakapokaa pamoja na kulinganisha hesabu zetu, watu wengi wakubwa watakosa usingizi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Hayahitaji mfadhili.

Moja: kila mbunge wa Ituri, wa taifa na wa jimbo, atoe tamko moja tu la kulaani kwa jina kundi lenye silaha linaloua kwa jina la watu wa kwao. Atamke kwa lugha ya kwao, katika redio ya kwao. Lile la upande mwingine tumeshalisikia, tunalijua kwa kichwa.

Mbili: kila karatasi iliyotiwa saini, kuanzia ile ya Aru, ibandikwe ukutani sokoni, kwa Kiswahili: nani alisaini, aliahidi nini, nani anakagua, na nani alivunja.

Tatu: semina ijayo ya amani ifanyike Lala, ama Savo, ama Kigonze, chini ya bashi, na mwenyekiti awe mtu aliyezika. Ikinyesha mvua, washiriki walowe. Tutajua siku ile nani alikuja juu ya amani na nani alikuja juu ya sikre.

Na wewe ndugu unayesoma, mtu akisimama mbele yako na mikro, akasema "mimi napinga vita", mpigie makofi kidogo, ni adabu. Kisha nyanyua mkono, umuulize: "Ya nani?" Asipojibu, usisaini listi yake.

Bunia, kwa jina la vijana ambao hawajapewa kazi na wamekataa bunduki.