ANAYEMWUGUZA MGONJWA AIJUE SHERIA YA BANGI



Liko jambo ambalo watu wa Kongo, huku Kawangware, na wenzetu wa Kibera hulisema kwa sauti ya chini. Mfanyakazi ana mama mgonjwa wa saratani nyumbani. Usiku mama hapati usingizi kwa maumivu, na chakula hakikai tumboni. Jirani aja na shauri: mtafutie bangi, au mafuta yake, atapata nafuu. Mfanyakazi huyu si mvutaji wala si mchuuzi. Ni mtoto anayemtunza mzazi wake. Lakini akikutwa nayo njiani, askari hatamwuliza habari za mama.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Twaandika kwa sababu mwanachama asiyejua sheria huumia mara mbili.

Kwanza, sheria yenyewe. Sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 1994 yakataza mtu kuwa na bangi. Ilipobadilishwa mwaka 2022, adhabu ya aliye na bangi ya kutumia mwenyewe tu ilipunguzwa: yaweza kufika kifungo cha miaka 5 au faini ya shilingi 100,000. Yaangalieni sana maneno hayo, "ya kutumia mwenyewe tu." Anayembebea mgonjwa hawezi kusema ni yake. Basi mwuguzaji yumo katika hatari kubwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Tena, mwenye nyumba anayeruhusu chumba chake kitumiwe kwa kuvuta naye ana kosa.

Pili, wengine husema, "Mimi nina karatasi ya daktari." Ni kweli sheria hiyo humwachilia mtu aliye na dawa ya namna hii kwa matibabu, akiwa ameandikiwa na daktari. Ndiyo maana mgonjwa aweza kupewa mofini. Lakini Kenya haijaweka utaratibu wowote wa kumwandikisha mgonjwa wa bangi wala mwuguzaji wake. Bangi ya kichochoroni haigeuki dawa kwa kuandikiwa karatasi. Anayewauzia karatasi hizo anakula pesa zenu bure.

Je, bangi ni dawa? Tuseme kweli. Haiponyi saratani. Lakini dawa zilizotengenezwa kutokana nayo husaidia kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani, na mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa moja ya namna hiyo kwa kifafa kikali cha watoto. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha ya madawa yanayobanwa kuliko yote, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilipiga kura ya kukataa. Jirani zetu wa Rwanda waliweka kanuni za bangi ya matibabu mwaka 2021.

Hapa kwetu aliyenyanyua jambo hili alikuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth. Mwaka 2018 alimwandikia Spika wa Bunge akiomba msaada wa kutayarisha mswada. Alifariki kwa saratani tarehe 26 Julai 2019, na mswada wake haukuwa sheria.

Sasa, mwanachama afanye nini?

Mgonjwa wako akiwa na maumivu, mpeleke hospitali na udai dawa ya maumivu. Mofini ni halali kwa cheti cha daktari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Nairobi Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa namna hii tangu 1990. Usione haya kuuliza.

Ukikamatwa, kifungu cha 49 chakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuonana na wakili, na kufikishwa mbele ya korti kabla ya saa 24 kupita, ila zikiisha siku ya mapumziko. Usitie sahihi usilolisoma. Usitoe hongo, maana hilo ni kosa la pili.

Tena mjulishe karani wa tawi upesi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukufukuza ukikamatwa kwa kosa la kifungo na siku 14 zikapita bila kupata dhamana. Siku hizo ni chache. Yaruhusu pia kumfukuza aliyelewa kazini hata asiweze kazi. Lakini kabla ya kukufukuza lazima usikilizwe, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Ukifukuzwa bila hivyo, peleka mashtaka kwa afisa wa kazi kabla ya miezi 3 kwisha.

Na sisi kama chama? Msimamo wetu ni huu. Hatutaki bangi kazini. Mtu akilevuka kwenye mashine huwaua wenzake. Lakini hatukubali mtoto atiwe ndani kwa kumhurumia mamaye huku Bunge limenyamaza. Twadai mambo mawili: mofini ipatikane katika hospitali za serikali zilizo karibu na mitaa yetu, na Bunge lijadili waziwazi sheria ya dawa zitokanazo na bangi, ziwe mikononi mwa madaktari na si wachuuzi. Kila tawi lilete maoni yake kwa maandishi. Mpaka sheria ibadilike, iliyopo ndiyo itakayotumika kortini, na huruma yako haitakuwa utetezi.

Umoja ni nguvu.