Tumekwenda kutembea Musoma, dawa zimebaki Robanda

Likizo ya mwezi wa sita, mama mmoja wa Robanda alimchukua mwanawe wa darasa la tano wakapanda gari kwenda Musoma kutembea. Hapakuwa na msiba huko, wala harusi, wala kesi ya shamba. Alikuwa anakwenda kumwona rafiki aliyesoma naye sekondari, ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Mtoto naye alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Mtoto wa Robanda anamjua tembo anayeingia kwenye mahindi usiku, lakini wimbi halijui.

Walikaa siku tisa. Walikula sato, walitembea jioni kandokando ya maji, walikwenda Mwigobero kutazama mitumbwi ikiingia na dagaa. Mama anasema hakumbuki lini mara ya mwisho alicheka namna ile.

Katikati ya Julai mtoto alianza homa. Kikohozi kikavu, tumbo la kuharisha linalokuja na kuondoka, vipele vinavyowasha usiku. Kituo cha kwanza walimpa dawa ya malaria ingawa kipimo kilisema hana. Cha pili walisema ni taifodi. Alipofika kwangu Agosti alikuwa amepungua mpaka shati la shule linamning'inia, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshashika kalamu kuandika dawa nyingine ya aina ileile. Aliyetuokoa ni muuguzi aliyekuwa anampima uzito. Alimuuliza mtoto, kwa sauti ya kawaida tu: "Likizo ulikuwa wapi?"

Mtoto hakujibu. Alimtazama mama yake kwanza.

Alikuwa amekatazwa kuingia ziwani. Kila siku mchana, wakubwa wakiwa wamejipumzisha, alikuwa anakwenda na watoto wa mwenyeji kuoga kwenye maji ya kina kifupi, penye majani. Choo kilipopelekwa maabara, mayai ya kichocho yalionekana.

Nimeambiwa na mtaalamu mwenzangu, tena mbele ya mgonjwa, kwamba hayo ndiyo matokeo ya "kuzurura". Sikubaliani naye hata kidogo. Kwenda kutembea ni jambo jema kwa afya, na kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu ni jema zaidi, kwa sababu maisha yake yamegeuka kuwa tarehe za kliniki na vidonge vya asubuhi na jioni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu ya kushughulikia upweke na mahusiano ya watu. Wazee wetu hawakungoja tume. Walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatizo la safari ile halikuwa safari. Lilikuwa mambo matatu yaliyofichwa, na la mtoto ni mojawapo tu.

Nieleze kwanza hili la ziwa, maana Desemba haiko mbali na watoto wengi watashuka tena kutoka Mugumu, Nata na Robanda kwenda kwa ndugu na marafiki wa Musoma. Mayai ya kichocho huingia majini na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, yanaanguliwa, vimelea vinaingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya pembeni yenye majani. Huko vinazaliana, kisha vinatoka kutafuta ngozi ya mtu. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Haijalishi kama mtoto ameoga, ameteka maji, au amesimama tu akimsubiri mwenzake. Hali ni mbaya zaidi jua likiwa kali, yaani saa zilezile ambazo watoto wanatoroka.

Wazazi wengi wa bara hawajui kwamba kichocho cha Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa ni cha tumbo. Ukikaa unasubiri uone damu kwenye mkojo, utasubiri sana. Hiki kinakuja na tumbo la kuuma, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, na kwa mtu anayekutana nacho kwa mara ya kwanza kinaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kuoga kwa homa, kikohozi na vipele. Ndiyo maana kinadhaniwa kuwa kila kitu isipokuwa chenyewe. Kikiachwa miaka, mayai yanaharibu ini, bandama linavimba, maji yanajaa tumboni, na wapo wanaofika hospitali wakitapika damu.

"Lakini alikunywa dawa shuleni," mama alinilalamikia. Ni kweli, na zile dawa ni nzuri sana. Ila prazikwanteli inaua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Haimkingi mtoto na maji atakayoyaingia mwezi ujao. Chanjo ya kichocho bado haipo.

Sasa ufanyeje? Kumwambia mtoto aliyesafiri zaidi ya kilomita mia moja asiliguse ziwa kabisa, halafu ukalala mchana, ni kujidanganya. Mpeleke wewe mwenyewe akalione. Mkodie mtumbwi wa mtu mnayemwamini, avae boya la kuvaa linalomtosha (hapo msikubali maneno ya "ni hapa karibu tu", mtoto asiyejua kuogelea hufa maji hata karibu). Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yakae kwenye ndoo iliyofunikwa siku nzima na usiku wake, au yachemshwe. Vimelea vile havina maisha marefu nje ya konokono. Ya kunywa yachemshwe bila mjadala, kwa sababu miji ya kando ya ziwa inakijua kipindupindu, na mtoto mgeni akianza kuharisha apewe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kutoka kituo cha karibu mapema, asisubiri kurudishwa kwao.

Na kama ameoga, ameoga. Usimchape. Mtoto anayejua atachapwa atanyamaza, na ule unyamavu ulimgharimu mtoto wa Robanda wiki tatu za dawa zisizo zake. Kumbuka tarehe. Wiki sita hadi nane baada ya siku ya mwisho aliyoingia majini, mpeleke kituoni apimwe, na useme wazi kwamba alioga Ziwa Victoria. Dawa hutolewa kwa uzito au kwa urefu, na anywe akiwa amekula, vinginevyo itamsokota tumbo na ataitapika.

Jambo la pili lililofichwa lilikuwa la mama mwenyewe. Yule muuguzi, akiwa amekwisha kuamka kwa maswali, alimfunga mama kifaa cha presha. Kilisoma 186 kwa 112. Mama ana kadi ya kliniki ya presha ya miaka minne. Vidonge alikuwa ameviacha Robanda, juu ya kabati, kwa makusudi. Hakutaka rafiki yake amwone anameza dawa, akaanza kumhurumia na kumpikia chakula cha mgonjwa. Siku tisa zilipita bila kichwa kuuma. Aliporudi akaona basi, kumbe amepona. Hakuvigusa tena mpaka siku ile.

Presha ndivyo ilivyo. Haiumi. Mtu anaweza kuisahau likizo nzima na akajiona mzima kuliko aliyebaki anameza vidonge, huku mishipa ya ubongo ikivumilia kimyakimya mpaka siku inapochoka, na siku hiyo jina lake ni kiharusi. Nimewaona wengi wa namna hii kila baada ya sikukuu, na sikumbuki hata mmoja aliyeniambia "nilisahau dawa". Wengi wanasema niliona aibu.

Kwa wenye kisukari aibu hiyo hukaa mezani. Mwenyeji wa Musoma anakuongezea ugali, anakoroga chai yako kwa mkono wake na sukari vijiko vinne, na wewe unaona ni utovu wa adabu kukataa. Anayetumia insulini ana la ziada: asiiweke kwenye buti la gari pamoja na mizigo. Joto la humo linaiharibu na huwezi kuona kwa macho kwamba imeharibika. Aishike mkononi, na akifika kwenye nyumba isiyo na friji, aifunge vizuri kwenye mfuko usiopitisha maji aiweke ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ndio wenye mzigo mzito kuliko wote hapa. Wapo wanaohamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini, wapo wanaokwenda navyo chooni, wapo wanaoacha kabisa kwa wiki mbili. Sitawaambia wamtangazie mwenyeji. Hiyo ni siri yao na sheria inailinda. Ninachowaomba ni kwamba wafike kliniki kabla ya safari, waombe dawa za kutosha siku za safari na ziada kidogo kwa ajili ya gari kuharibika, na wabebe kadi. Safari ikirefuka, kituo chochote chenye huduma hiyo kinaweza kuwasaidia wakiwa na kadi mkononi.

Na sisi wa upande wa pili wa meza tuna la kujibu. Mgonjwa akisema anaomba dawa za mwezi mmoja mbele kwa sababu anakwenda kutembelea rafiki, baadhi yetu tunamtazama kama mwizi. Akisema anakwenda msibani tunampa. Kwa nini furaha yake iwe na uzito mdogo kuliko msiba wake? Matokeo yake mgonjwa anaondoka bila kusema, na dawa zinamwishia njiani.

Kuna upande mwingine wa safari hii, ule wa Musoma kuja Robanda. Rafiki naye hurudisha ziara, na watoto wake wanataka kuona twiga. Robanda iko mlangoni mwa Hifadhi ya Serengeti, karibu na lango la Ikoma, na kule kuna mbung'o. Anauma mchana, anapenya nguo nyepesi, na anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mgeni avae nguo nzito kidogo za rangi ya udongo, zenye mikono mirefu. Kuumwa na mbung'o si lazima upate malale, na wagonjwa si wengi. Lakini mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwemo, waligundulika kuwa na malale baada ya safari. Watu waliokuwa wamechanjwa hiki na kile, wana mikoba ya dawa, na bado mbung'o aliwapata.

Malale ya upande wetu huu wa Afrika Mashariki hayasubiri miaka. Homa huanza ndani ya siku au wiki chache, pengine na kidonda kilichovimba pale alipouma, na bila tiba huua ndani ya miezi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, hakiwezi kuyaonyesha. Ni lazima damu itazamwe kwenye darubini. Na hakuna mtu wa maabara wa Musoma, sembuse wa Ulaya, atakayejisumbua kutafuta malale kwa mtu ambaye hakusema alikuwa Robanda. Ni kisa kilekile cha mtoto wetu kikiwa kimegeuzwa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiingia kwa daktari na mtoto mwenye homa, usingoje uulizwe. Sema mlikuwa wapi miezi mitatu iliyopita, mkalala wapi, kama kulikuwa na chandarua, mtoto akaingia maji gani, akaumwa na mdudu gani. Daktari akikukatiza, rudia. Mdogo ambaye hajamaliza chanjo, beba kadi yake. Siku ya chanjo ikifika mko ugenini, kliniki ya huko itamchanja, na ile ya surua ya miezi 9 na ya 18 haifai kungojea mrudi.

Nilisema mambo yaliyofichwa yalikuwa matatu. La tatu nimeambiwa mwezi uliopita. Mama alimpigia simu rafiki yake wa Musoma kumweleza habari za kichocho, ili watoto wa kule nao wapimwe, na katika mazungumzo akajikuta ametaja presha. Upande wa pili kukawa kimya kidogo. "Mwenzangu, na wewe?" rafiki akauliza. Ana miaka mitatu anameza vidonge vya presha. Siku zile tisa za ugeni alikuwa amevificha kwenye kopo la unga.

Mtoto amenenepa na anadai kwamba Desemba atapanda mtumbwi. Mama ameshakuja kuomba vidonge vya safari, na nimempa.