Udongo wa bure wenye harufu ya esanse



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alituletea habari iliyotufurahisha. Karibu na kwao walifukua tangi la zamani la esanse, udongo ukabaki lundo kando ya njia, na mlinzi akasema kila anayetaka achukue bure. Hapa Bukavu, ambako mvua inakula parsele zetu mlimani, nani atakataa udongo wa kujazia? Tulienda na mabeseni. Harufu ilitupokea kabla hatujafika, na watoto walikuwa wakiteleza juu ya lundo lile. Tulirudi na mabeseni matupu, na watoto mkononi.

Sisi wa Kivu ya Kusini tunajua ubaya wa mafuta. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, lori la mafuta lilipinduka, moto ukawaka na kuua watu zaidi ya 230. Ule ni ubaya unaoonekana. Yale yanayoingia ndani ya udongo yanaua polepole. Ndani ya esanse mna benzeni, ambayo inaweza kuleta kansa ya damu. Mtoto anaivuta kwa pumzi, nayo inashuka na maji mpaka kwenye chemchemi tunakochota. Mazutu haipai upesi kama esanse. Inashikamana na udongo na kukaa muda mrefu. Mvua ikilipiga lundo, mafuta yanafuata mifereji, na mifereji yetu mingi inaishia ziwani.

Basi tutajuaje kama udongo umepona? Pua haitoshi. Harufu ikipotea, mafuta mazito yanaweza kuwa bado yapo. Ni lazima udongo upimwe kwenye labo. Unachotwa sehemu nyingi za lundo, na ndani kabisa, maana juu jua limekwisha kuupunga. Unajazwa kwenye chupa safi za kioo, unafungwa vizuri, unawekwa penye baridi na kufikishwa labo upesi. Anayechota kiganja kimoja juu juu anajidanganya.

Wakati wa kungoja majibu, lundo lilale juu ya turubai, lifunikwe kwa turubai lingine, na kuzungukwa na ukuta mdogo wa kuzuia maji. Kama mafuta si mengi, udongo unatandazwa kwa unene mdogo, mbali na maji na nyumba, unachanganywa na mbolea, unalowanishwa kidogo na kupinduliwa mara kwa mara. Vijidudu vya udongoni vinakula mafuta polepole, miezi kadhaa, kisha unapimwa tena. Kama mafuta ni mengi, upelekwe mahali palipotengenezwa kwa taka za sumu. Kuuchanganya na udongo mzuri ili harufu ifichike si kuutibu. Ni kueneza sumu.

Kazi hiyo na gharama yake si yetu. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inayolinda mazingira ya nchi yetu, inasema aliyechafua ndiye alipe. Kwa hiyo tumemwona shefu wa avenyu na kuandika barua kwa ofisi ya mazingira ya jimbo. Tunaomba mambo matatu: lundo lifunikwe, lipimwe, na majibu yasomwe mbele yetu. Hadi leo tunangoja. Mama wanapokezana zamu ya kuwafukuza watoto pale.

Nyumbani kwetu tushike haya. Tusipande lengalenga wala sombe penye udongo wa gereji. Mtoto aliyechezea hapo avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni. Mazutu ya jenereta ikimwagika, tuchote udongo ule na koleo, tuuweke ndani ya bidoni yenye kifuniko, mbali na jiko. Tusiumwage mtaroni, tusiuchome.

Na wale mliokwisha kubeba udongo ule kabla yetu, msione haya. Mtuambie ni parsele gani, tuiongeze kwenye barua.