Mali au Jamaa?



Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Watu wa Goma wakakimbia usiku, wengine kwenda Gisenyi katika Rwanda, wengine kwenda Sake. Katika msukosuko ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Simhukumu mtu, maana giza na hofu humpoteza hata mama mwenye akili. Lakini nauliza: usiku ule tulishika nini mikononi? Mikono iliyojaa godoro haiwezi kumshika mtoto.

Najua mtanijibu: «Katekista, mali ndiyo inayolisha watoto. Bila sufuria watakula nini?» Neno hilo ni kweli nusu. Kumbukeni mwaka 2002. Tarehe 17 Januari moto ulishuka mpaka katikati ya mji, ukafika ziwani. Mabati, vitanda, bidhaa za maduka, vyote vikazikwa chini ya mawe. Nani aliwalisha watu siku zile? Je, ni bati lililozikwa? Sivyo! Ni shangazi wa Sake, ni shemeji wa Bukavu, waliofungua mlango na kuongeza maji katika sufuria ya maharagi.

Tena siku chache baadaye, watu walikwenda kuchota mafuta katika kituo cha petroli. Moto ukalipuka, wakafa makumi. Petroli ina bei yake. Baba wa watoto ana bei gani?

Nasi leo tunafanya nini? Ndugu wa tumbo moja wanashtakiana kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, na kiwanja chenyewe ni mawe meusi matupu. Mjane anafukuzwa na shemeji zake, nao wanabaki kugawana viti. Yule jamaa aliyetupokea wakati wa kukimbia, akibisha hodi kwetu, anaambiwa mwenye nyumba hayuko. Na mwenye nyumba yuko chumbani, anashikilia pumzi! Hii ni aibu.

Basi, mlima haujafa. Leo jioni kila baba na mama wapatane na watoto wao: nani atamshika nani mkono, na tukipotezana tutakutana wapi. Kisha yule aliyekupokea, mpelekee kikapu cha viazi, ukaketi naye. Bati utalinunua tena sokoni. Ndugu utamnunua wapi?