Picha ya babu si karatasi ya kufungia karanga

Leo sisemi habari za bunduki. Nasema habari za picha, na nitasema wazi, kwani nimechoka kunyamaza.

Juzi mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alinionyesha picha aliyoibeba ndani ya kitenge. Mwanaume amesimama kando ya kinga, amevaa kabuti, pembe za picha zimeliwa na maji. Mtoto wake akauliza: «Mama, huyu ni nani?» Akajibu: «Ni babu ya baba yenu.» Jina lake? Mama akanyamaza. Aliyelijua ni mama mkwe wake, naye alifia njiani wakikimbia.

Kuna wanaosema mkimbizi anataka unga, maharagi na bashi, mambo ya mababu yangoje amani. Mimi nakataa. Unga wa juma hili utakwisha juma hili. Siku ya kurudi kilimani, ukimkuta mwingine analima shamba lenu, utasema nini? Wengi wetu hatujawahi kuwa na karatasi ya shamba. Shamba lilijulikana kwa ushahidi: nani alipanda ule mti, kaburi la nani liko pale, nani alipakana na nani. Wazee wakifa hapa kambini bila kuulizwa, ushahidi huo unazikwa nao.

Tena msidhani serikali imetuandikia. Mara ya mwisho watu wa nchi hii kuhesabiwa wote ilikuwa mwaka wa 1984. Aliyezaliwa mwaka wa 1985, leo mwenyewe ni baba au mama ya watu, hajahesabiwa hata mara moja. Wengi kitambulisho chao ni kadi ya uchaguzi tu, na kadi hiyo ikiungua na nyumba, mtu anabaki na mdomo wake.

Wazungu je? Walitupiga picha sana. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuwa na studio Léopoldville, alizunguka Kongo akitengeneza kadi za posta. Miaka ya 1950 wapiga picha wa serikali ya kikoloni nao walifanya kazi hiyo. Picha nyingi za wakati ule zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Jina la mpiga picha linajulikana. Chini ya babu yetu mara nyingi wameandika kabila tu, au «mwanamke», au «mpagazi». Ni hivyo pia kwa vita. Tarehe 19 Septemba 1916 Force Publique iliingia Tabora, na jenerali Tombeur akapata sifa hata mji ule ukaongezwa kwenye jina lake. Wapagazi waliobeba mizigo kwa maelfu, wakiwemo watu wa Kivu, majina yao nani anayataja? Makumbusho yatuletee nakala za picha hizo vijijini na kambini, wazee wazitazame wangali na macho.

Lakini tusimsingizie Mzungu kila kitu. Geuza picha iliyo nyumbani mwako. Nyuma yake kuna nini? Hakuna kitu. Tulimlaumu Mzungu kwa kutoandika jina la babu, nasi hatukuliandika.

Kuna na wengine, nao nawaambia usoni. Hao wanatafuta mababu ili wapate neno la kumfukuza jirani: wewe si wa hapa. Huko si kutafuta ukoo, ni kutafuta panga. Anayeuliza kwa moyo safi atakuta bibi mmoja aliletwa kutoka kilima cha mbali, mwingine alisema lugha nyingine, na mjomba alipewa shamba na watu ambao leo tunaitwa maadui zao. Picha ya arusi ya zamani inawaonyesha wote wamekaa kwenye benchi moja.

Basi tufanye nini? Leo jioni, kaa na mzee wako. Muulize mambo matatu: huyu ni nani, alizaliwa na nani, alikaa kilima gani na karibu na mto gani. Andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole, kwani wino hutoboka na kuchafua ukilowana. Ifunge ndani ya plastiki. Mwenye telefone aipige picha pande zote mbili, amtumie ndugu aliye mbali, ili moja ikipotea nyingine ibaki. Asiye na picha arekodi sauti ya mzee, hiyo pia ni urithi. Aliyebatizwa aulize parokia yake: kitabu cha ubatizo kina jina la baba, la mama na la msimamizi. Nanyi mapadri na wachungaji, mtu akija kuuliza vitabu hivyo, msimzungushe wala msimdai pesa.

Yule mama wa Masisi tumemwandikia nyuma ya picha yake kile anachokijua: kijiji, jina la mume wake, jina la baba mkwe. Nafasi ya jina la babu tumeiacha wazi. Huenda kuna mzee katika kambi nyingine anayelijua. Muulizeni wa kwenu leo, kesho msije mkaacha nafasi kama hiyo.

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Kivu ya Kaskazini.